Ng'ombe Anayeinuka

Kwa miaka ishirini na sita Ambokile alichora wanyama na mkewe Justa akaandika herufi. Ndivyo walivyogawana kazi tangu walipofungua kibanda chao cha kuchora mabango pale Picha ya Ndege, Kibaha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ambokile alikuwa na mkono wa wanyama: ng'ombe wa bucha, kuku wa mabanda ya chipsi, samaki wa mahoteli, chui wa timu za mtaani. Justa alikuwa na mkono ulionyooka. Ukimpa ukuta wenye mabonde na vilima atakuandikia KARIBU MTEJA bila herufi moja kuteleza, na ukipita baada ya miaka kumi rangi imepauka lakini mstari uko palepale. Yeye kwao Muleba, mumewe kwao Tukuyu. Walikutana Kibaha, mji ambao nusu ya watu wake ukiwauliza kwao watakutajia mkoa mwingine.

Kisha macho ya Ambokile yakaanza kumwacha. Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika kabisa. La kushoto lilibaki na tundu dogo katikati, akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Aliweza kusoma neno moja lakini sentensi ikampotea. Aliweza kuuona uso wa mkewe, lakini kujua amevaa kitenge gani ilibidi ainamishe kichwa na kushuka naye taratibu kama anayesoma barua. Daktari alimweleza bila kumficha: kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki.

Hakulalamika. Aliacha tu kushika brashi. Asubuhi alifungua kibanda, akakaa kwenye stuli yake mlangoni, akapokea simu. Kazi zenyewe zilikuwa zimepungua, maana watu wengi siku hizi wanachapisha mabango ya plastiki, na zile chache zilizobaki zilikuwa za herufi. Kwa hiyo mwaka mzima ulipita bila mtu kuhitaji mnyama, na mke na mume wakaishi kana kwamba jambo hilo halipo.

Siku moja mwezi wa saba ikapigwa simu. Ambokile aliiweka kwenye spika, kwa kuwa vitufe vilikuwa vinampotea machoni.

"Huyu ni fundi aliyemchora yule ng'ombe wa bucha ya Mlandizi, jirani na stendi?"

"Ndiye."

"Haya. Mimi Mwanamvua, wa Vihingo, upande wa Kisarawe. Nimejenga kibanda cha maziwa barabarani, nataka ng'ombe ukutani. Mkubwa, aonekane hata na mtu aliye juu ya pikipiki. Sitaki yale ya plastiki, yana ng'ombe wa Ulaya wa madoa meusi. Huku kwetu nani anaye huyo?"

"Tutakuja, mama. Tupe wiki mbili."

Justa alikuwa nyuma anasuuza brashi. Alisikia kila neno. Alisubiri mumewe akate simu, akajifuta mikono polepole.

"Tutakuja nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Na ng'ombe atachorwa na nani?"

"Na wewe."

"Baba Atu, mimi naandika herufi."

"Ng'ombe ni herufi kubwa tu," Ambokile akasema. "Tofauti ni kwamba ina miguu minne."

Justa hakucheka. Aliingia ndani akapanga makopo ya rangi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Usiseme hakujaribu. Ng'ombe wa mumewe alimjua kwa moyo, kama alivyojulikana na kila mtu wa barabara ya Morogoro kuanzia Maili Moja mpaka Mlandizi: ametazama kushoto, mkia umeshuka, pembe moja imeificha nyingine, jicho limetulia kama la mtu anayesubiri zamu yake benki. Justa alimchora nyuma ya kalenda za zamani kwa mkaa wa jikoni, akafuata mstari baada ya mstari kama anavyokumbuka. Kila mstari ulikuwa mahali pake, lakini ng'ombe hakuwepo. Ilikuwa kama kuiga sahihi ya mtu mwingine. Benki wakiitazama mara moja tu watajua.

Binti yao, Atupele, ambaye hufanya kazi ofisini Dar na kurudi jioni, alimtafutia picha za ng'ombe kwenye simu. Justa akachora za kwenye simu. Hizo nazo zilitoka bapa, kama ng'ombe aliyepigwa pasi. Akahamia kwenye mlango wa bati wa kibanda, akachora kwa chaki ili mkono upate nafasi. Ally, jirani anayetengeneza redio, alisimama na bisibisi mkononi akatazama kwa muda.

"Mama Atu, hiyo meza unamchorea nani?"

Hapo alicheka, kwa sababu Ally alikuwa hajakosea. Alichukua kitambaa akaifuta meza yake.

"Anza na boksi," Ambokile alimwambia kutoka kwenye stuli, huku akichora hewani kwa kidole. "Boksi, halafu shingo, halafu miguu."

"Boksi ninalo. Tangu juzi ninalo boksi."

Jumamosi ile akaja Laurensia. Huyu alikuwa mfugaji wa Magindu, Msukuma aliyehamia Pwani na mifugo yao miaka mingi iliyopita, na kila Jumamosi aliwaletea watu wa Picha ya Ndege samli na mtindi. Alipokuwa akipima samli aliona kalenda juu ya meza, akainyanyua kwa vidole viwili.

"Huyu anaumwa nini?"

"Kwani anaumwa?"

"Sasa huyu atasimamaje? Miguu imechomekwa kama misumari kwenye stuli. Ng'ombe anabebwa na mabega, mama. Na nundu hii umeiweka kama kofia." Aliirudisha kalenda mezani. "Njoo siku moja Magindu uwaone."

Alisema vile watu wasemavyo karibu nyumbani, maneno ya kuagana tu. Justa akajibu, "Nakuja Jumatatu."

Na Jumatatu akaenda kweli. Alimwachia Atupele funguo na matone ya baba yake, akafunga kalenda zake kwa kamba, akatia mkaa kwenye kopo la maziwa ya unga, akapanda gari. Alimkuta Laurensia peke yake, mumewe amekwenda msibani Shinyanga. Nyumba zao tatu zilikuwa za udongo, na mbele yazo zizi la miiba lenye ng'ombe ishirini na watatu.

Siku ya kwanza haikumpa kitu. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, karatasi magotini, na kila alipoanza mgongo mwenye mgongo alikwishageuka. Jioni aliondoka zizini na mikia kumi na miwili karatasini na mafua ya vumbi. Katika mikia hiyo kumi na miwili, minane iliingia tumboni mwa ng'ombe mmoja mzee wa rangi ya majivu, jike, mwenye sikio lililochanika, ambaye alimjia kwa nyuma akaila karatasi kimyakimya.

"Huyo ndiye Shangazi," Laurensia alisema. "Anaingia kila mahali na hapigi hodi. Sikio lilichanwa na seng'enge akichungulia shamba la watu."

"Amekula kazi yangu ya leo."

"Ilikuwa nzuri?"

Justa akafikiri. "Hapana."

"Basi hajakukosea sana."

Kesho yake alfajiri Justa alitoka kunawa uso, na ng'ombe walikuwa bado wamelala zizini, mvuke unawatoka puani. Jua lilipogusa miiba, mmoja akaamka. Halafu mwingine. Justa akabaki na maji mikononi. Alikuwa amekaa kwenye kazi ya mabango robo karne, amejaza rangi ya kahawia ndani ya ng'ombe wasiohesabika, na hakuwahi kujua ng'ombe anavyosimama. Mnyama yule alitupa kichwa mbele, akanyanyua makalio kwanza, yakapanda juu kabisa huku magoti ya mbele yamebaki chini, na kwa muda mfupi mwili wote ukawa mteremko, kama mlima uliokosea upande. Halafu mguu mmoja wa mbele ukatoka, ukakanyaga, wa pili ukafuata, na ng'ombe akawa amesimama kama wale wote wanaochorwa.

"Wote huamka hivyo?" aliuliza.

Laurensia alikuwa anaosha kibuyu. "Wote. Ng'ombe huanza na makalio. Punda ndiye anayeanza na mbele, kama mtu anayetoka kitandani." Alimtazama mgeni wake. "Hukujua?"

"Sikujua."

"Na ninyi ndio mnaotuchorea."

Justa alikimbilia mkaa. Mkono wake ulikuwa unautaka ule mteremko kabla kichwa hakijasema neno, na hilo lilikuwa jambo jipya kwake; siku zote herufi zilianzia kichwani zikashuka. Lakini kuinuka kwa ng'ombe ni kitambo kidogo, huwezi kumaliza hata nusu ya Salamu Maria. Kila mmoja alimpa mistari mitatu, minne, akawa amemaliza. Basi akaamua kuwaomba kila mmoja kitu kimoja. Huyu alimwomba mgongo tu. Yule magoti. Wa tatu alimwomba namna ngozi ya shingo inavyobembea kichwa kinapotupwa mbele. Zizi lilipokwisha kuamka, alikuwa na karatasi iliyojaa vipande kama meza ya mchinjaji, na kila kipande kilikuwa kizima.

Mchana ng'ombe walilala kivulini kucheua, na walipoinuka tena akapata nafasi nyingine. Alijifunza kujua nani anakaribia kuamka: huacha kutafuna, huvuta pumzi moja ndefu. Laurensia naye alianza kulipenda jambo lile. Alipita na kuni zake akatupa jicho. "Paja limekonda." Akapita na maji. "Sasa hapo ndiyo bega. Hapo usiguse tena."

Asubuhi ya tatu Justa alimwona Shangazi. Siku zote mbili ng'ombe yule alikuwa wa mwisho kuinuka, na mchoraji alikuwa ameshachoka kumsubiri. Siku hiyo alimsubiri. Shangazi aliacha kutafuna. Akavuta pumzi. Makalio yakapanda polepole, yakafika juu, kisha hapo katikati, magoti chini na mgongo umeinama mbele, akatulia. Alipumua. Alikuwa kama anayejiuliza kama safari ya leo ina ulazima. Justa, ambaye alikuwa na miaka arobaini na tisa na magoti yaliyopanda ngazi za watu tangu ujana wake, aliujua muda ule vizuri sana. Kila asubuhi aliupitia ukingoni mwa kitanda. Mkaa ukaenda karatasini, mgongo, nundu, paja, magoti yote mawili, kichwa kilichonyooka mbele, sikio lenye pengo, na alipofika kwenye pua Shangazi alitoa mguu mmoja, akasimama, akaenda zake kunywa maji.

Laurensia alikuja akasimama nyuma yake.

"Huyu ni Shangazi," alisema.

"Ndiye."

"Hata ungemchora bila sikio ningemjua."

Jioni ile Justa akawa nyumbani Kibaha. Ambokile alipokea karatasi, akaileta karibu na jicho lake la kushoto, akaanza kuipitisha mbele ya lile tundu kidogo kidogo.

"Naona goti," alisema. "Naona… hii ni pua. Hapa kuna mgongo, lakini unakwenda wapi?" Aliigeuza. "Makalio yako juu. Mama Atu, umemwinamisha huyu."

"Anainuka."

"Mteja anataka ng'ombe aliyesimama."

"Mteja amesema ng'ombe. Hakusema amefanya nini."

"Watu wamezoea ng'ombe aliyesimama."

"Wamezoea wako," Justa akasema, na mara akatamani asingesema.

Atupele akachukua sahani zilizokuwa mezani akaenda kuziosha, ingawa zilikuwa safi. Ambokile aliendelea kuipitisha karatasi mbele ya jicho, kipande kwa kipande, akirudi nyuma, akisonga mbele, akijaribu kuviunganisha vile vipande kichwani. Mwishowe akaiweka chini.

"Nikwambie jambo," alisema. "Yule ng'ombe wangu nilimtoa kwenye kopo la maziwa."

"Kopo lipi?"

"La maziwa ya kopo, ya dukani. Mwaka themanini na tisa, nimefika Kibaha sina kazi, mtu akaniuliza unaweza kuchora ng'ombe, nikasema naweza. Nikanunua kopo. Nikachora ng'ombe wa kwenye kopo mpaka mkono ukamshika. Nikamwongezea nundu ili asijulikane. Basi. Sijawahi kukaa na ng'ombe hata dakika tano. Kwetu tulikuwa nao, lakini mimi nilikuwa wa kwenda shule."

Justa alimtazama mumewe kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoishi ina chumba kingine. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama kando ya ngazi akimpa rangi, akiamini kwamba kuna kitu mwenzake anakiona ambacho yeye hakujaliwa.

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza." Halafu, kwa sauti ya chini: "Mchore anavyoinuka. Lakini ukutani usimame mbali naye. Funga mkaa kwenye mpini wa fagio, uchore kwa mkono mzima. Ukisogea karibu utachora goti zuri na ng'ombe mbaya."

Wiki iliyofuata walipanda gari dogo la abiria, Noah, kutoka Mlandizi wakiwa na makopo sita ya rangi, thina na mpini wa fagio. Kibanda cha Bi Mwanamvua kilikuwa kando ya barabara ya vumbi, ukuta wake umepakwa chokaa nyeupe inayoumiza macho. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa hapo kutoka kwa babu zake, amejifunga kanga kiunoni na birika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Fundi ni yupi?"

Ambokile alielekeza kidole upande aliosikia pumzi ya mkewe. "Huyu."

Bi Mwanamvua alitazama miwani myeusi ya Ambokile, akatazama mpini wa fagio mkononi mwa Justa, akaelewa anachoweza kuelewa. "Haya," alisema. "Chai mtakunywa kabla au baada?"

Justa alichora kwa mkaa asubuhi nzima. Mara mbili alifuta yote kwa kitambaa kibichi, kwa sababu mgongo ulianzia juu mno na makalio yangetokea kwenye paa. Mara ya tatu akasimama hatua mbili nyuma, akavuta pumzi moja, na ule mteremko ukashuka kutoka begani mwake mpaka ncha ya mpini bila kukatika. Baada ya hapo mambo yakawa kazi tu: kijivu, kijivu chenye maji kidogo, kahawia ya magotini penye vumbi, nyeupe ya mvuke puani.

Wanywa chai walianza kusogeza mabenchi.

"Huyu analala," alisema mkulima mmoja wa mihogo. "Ng'ombe akilala huanza na magoti."

"Anaamka," alisema mwingine, aliyekuwa anapita na fimbo na mbwa. "Akilala huwa ananusa chini. Huyu kichwa kiko mbele, na mguu ule unataka kutoka. Tazama."

"Mimi naona analala."

"Wewe unafuga bata."

Bi Mwanamvua alitoka na birika, akatazama ukuta wake, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili.

"Fundi, huyu anasujudu au anaanguka?"

"Anainuka, mama. Ndivyo anavyoinuka asubuhi."

"Nilidhani atakuwa amesimama."

Justa alishusha brashi. Alikuwa amelijua swali hili tangu Kibaha na alikuwa amelitengenezea maneno, lakini maneno yote yalikuwa yamemtoka. "Nikimsimamisha," alisema, "atakuwa kama wengine wote. Huyu namfahamu. Ukisema hapana, nitapaka chokaa nianze upya, sitakudai siku ya leo."

Bi Mwanamvua aliweka birika chini. Nyuma yake yule mkulima wa mihogo alikuwa ameomba kikombe cha pili ili aendelee kubishana, na mwenye fimbo alikuwa ameketi, mbwa wake chini ya benchi, kikombe cha mtindi mkononi. Mama mwenye mji aliwatazama wote wawili.

"Mwache hivyohivyo," alisema. "Mimi mwenyewe nikiamka ndivyo ninavyokuwa."

Ilipofika saa saba Justa alishuka kwenye stuli aliyoazimwa akaona mumewe hayupo. Akamwona ng'ambo ya barabara, amevuka peke yake kwa kupapasa na fimbo yake ya kutembelea, ameketi juu ya magogo mbele ya karakana ya fundi seremala. Amevua miwani. Uso wake ulikuwa umeelekea kibandani na hakuwa anasogeza kichwa hata kidogo.

Justa alivuka akamfuata. "Vipi, jua limekuchoma?"

"Nyamaza kwanza," Ambokile alisema.

Akanyamaza. Bodaboda moja ilipita, vumbi likapanda, likashuka.

"Pale karibu nilikuwa naona rangi tu," alisema Ambokile. "Huku mbali anaingia wote. Anaingia kwenye tundu kuanzia pua mpaka mkia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa ameushika mkono wa mkewe wenye rangi na hakuwa amegundua kwamba ameushika. "Nimemwona, Mama Atu. Mzima."

Ilikuwa miaka miwili tangu Justa amsikie mumewe akisema ameona kitu kizima.

"Sikio moja lina pengo," Ambokile aliendelea. "Brashi iliteleza?"

"Hapana. Ndivyo lilivyo."

"Basi liache. Lakini nundu imeshuka. Inataka kupanda mbele kidogo, uzito uko mbele sasa."

Justa alikunja macho akatazama. Alitaka kubisha, akaona mumewe amesema kweli. Alivuka barabara akaipandisha nundu upana wa vidole vitatu, akageuka. Ambokile alinyanyua mkono juu: hapo.

Herufi alizibakiza mwisho. MAZIWA NA MTINDI, BI MWANAMVUA, VIHINGO. Aliziandika bila kamba ya kupimia, akiwaza mambo mengine, na zilinyooka kama kawaida yao.

Walipomaliza kula ilikuwa saa kumi kasoro. Bi Mwanamvua aliwafungia mtindi kwenye chupa mbili wakaenda kukaa kwenye magogo kusubiri gari. Ng'ombe wachache wa jirani walikuwa wamelala upande wa pili wa uwanja uliokuwa hapo kando, mbali kidogo, wanacheua.

"Wako wangapi pale?" Ambokile aliuliza.

"Watano."

"Nielekeze mmoja. Mmoja tu."

Justa alishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, taratibu, kama anayerekebisha redio itafute stesheni, akakigeuza mpaka Ambokile akasema hapohapo. Jike jekundu, amelala ubavu, mkia unapiga nzi.

"Nimempata," alisema. "Ataamka saa ngapi?"

"Akiacha kutafuna."

"Ameacha?"

"Bado."

Noah ikatokea kwenye kona, ikapunguza mwendo, dereva akapiga honi. Utingo akachungulia dirishani. "Mlandizi, mzee. Nafasi mbili, za mbele."

"Nendeni tu," Ambokile alisema bila kugeuza kichwa. "Tutapanda inayofuata."

Gari likaondoka. Justa akafungua chupa moja ya mtindi, akanywa, akampa mumewe, naye akanywa akiwa ameshikilia jicho lake palepale. Walikaa karibu nusu saa. Hatimaye yule jike akaacha kutafuna, akavuta pumzi ndefu, akatupa kichwa mbele.

"Sasa," Justa alisema.

Ambokile alimfuata kwa jicho mpaka miguu yake yote minne ikakanyaga. Kisha alirudisha chupa kwa mkewe, akajifuta mdomo.

"Subiri na yule mwingine," alisema.